Silinda ya Sita

Ripoti ya mtaalamu ilikuwa na kurasa tatu, na Luteni Casilda Yujra alikuwa ameisoma mara nne tangu alfajiri. Hakuipenda hata mara moja. Kwa kifupi ilisema: injini ya lori la Don Fermín Poma imechoka silinda zote sita, kwa hiyo fundi Silverio Apaza, aliyedai ameifanyia ovahoo, alirudisha ringi kuukuu za pistoni, kwa hiyo lori likaishiwa nguvu kwenye mlima wa kutoka mabonde ya Yungas, kwa hiyo likarudi nyuma, kwa hiyo Doña Justina, mke wa Don Fermín, aliyeshuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu kama alivyozoea, akakanyagwa akafa pale pale barabarani. "Kwa hiyo" zote hizo zilipangwa vizuri kama matofali. Aliyezipanga aliletwa kutoka Santa Cruz, kule chini kwenye joto, akaipima injini kwa saa mbili, akashikwa na kizunguzungu cha mwinuko, akameza vidonge, akapanda ndege ya jioni kurudi kwao.

Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa sita mchana mwendesha mashtaka, bwana mmoja aitwaye Revollo, angempandisha Silverio mbele ya hakimu kwa kosa la kuua bila kukusudia. Mzee wa miaka sitini na tisa, kifua kibovu, angepelekwa gerezani kungoja kesi, na kesi huku kwetu inaweza kungojwa miaka mitatu. Silverio asingemaliza hata mmoja. Casilda alilijua hilo, Revollo alilijua, na Silverio mwenyewe alilijua kuliko wote.

"Una saa nne," Revollo alimwambia kwenye simu. "Na usiniletee huruma, Luteni. Niletee kitu."

"Nitakuletea."

"Kitu gani?"

"Ningekuwa nakijua, saa hizi ningekuwa nakunywa chai."

Alikata simu, akavuka uwanja wa polisi wa El Alto, kola imepandishwa hadi masikioni, maana upepo wa pale asubuhi haumjui luteni wala mfungwa. Lori lilikuwa kona ya mwisho: la pua ndefu, la mwaka sabini na tano, kijani, na machungwa yaliyobaki kwenye bodi yalishaanza kunuka. Doña Hortensia Cutipa alikuwa amefika tayari. Amevaa ovaroli juu ya sketi zake, kofia yake ya mviringo iko palepale kichwani, na sanduku la spana ameliweka kwenye bampa kana kwamba lori ni lake.

"Hebu niambie, mwanangu," alisema bila salamu. "Mafundi wamejaa mji mzima. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu humpendi Silverio."

"Simpendi hata chembe! Ana kiburi yule mzee. Miaka ishirini gereji zetu zinatazamana, hajawahi kuniazima hata bisibisi."

"Ndiyo maana. Ukisema ana hatia, watu watasema chuki. Lakini ukisema hana, nani atathubutu kubisha?"

Hortensia alimtazama, kisha akacheka mpaka meno yake ya dhahabu yakaonekana yote mawili. "Shetani wewe. Baba yako alikuwa dereva mjinga, wewe akili umeitoa wapi?"

"Fungua boneti, mama. Saa zinakwenda."

Wakaanza. Betri ilichajiwa usiku kucha, kwa hiyo stata ilikuwa na nguvu. Hortensia alizichomoa nozeli zote sita za kupulizia dizeli, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wake, ya kwanza hadi ya sita, ile ya sita ikiwa nyuma kabisa karibu na kabini. Akafunga geji ya kompresheni, ya kupima nguvu ya kubana hewa, kwenye tundu la kwanza. Casilda alipanda kabini, akapiga stata, injini ikazunguka mara saba, nane, kwa sauti ya kukoroma. Paundi mia mbili na arobaini. Akaandika. Ya pili, mia mbili thelathini na tano. Ya tatu, arobaini. Ya nne, arobaini. Ya tano, thelathini na tano.

Ya sita, mia na hamsini.

"Rudia," Casilda alisema.

Wakarudia. Mia na hamsini.

Zilikuwa namba zile zile za ripoti, hakuna hata moja iliyotofautiana. Mtaalamu hakudanganya kwenye kupima. Aliambatanisha na nakala ya ukurasa wa kitabu cha injini: kompresheni ya injini mpya, paundi mia tatu na themanini, ikishuka chini ya mia tatu, fumua injini. Na silinda zote sita zilikuwa chini ya mia tatu.

"Sasa nieleze kitu kimoja," Casilda alisema akiwa amechuchumaa juu ya bampa. "Ringi kuukuu huchakaa sawasawa?"

"Thubutu! Moja imekatika, nyingine imelegea, nyingine inadanganya danganya. Ukipima utapata mia mbili hapa, mia na themanini pale, kama meno ya babu yangu."

"Hizi tano zimepishana paundi tano tu."

"Hizi tano ni nzima."

"Kitabu kinasema ni mbovu."

"Ebo! Kitabu kiliandikwa wapi?" Hortensia aliinama, akachimba chini ya sanduku lake, akatoa kitabu kile kile, chake kikiwa kimelowa oili hadi kikawa kizito kama mkate. Akalamba kidole, akafunua, akamsukumia. "Soma huku chini. Maandishi ya sisimizi."

Casilda alisoma. Kisha akaichukua nakala ya mtaalamu, akazilinganisha. Nakala ilitolewa vibaya. Mashine iliukata ukurasa upande wa chini, na mstari wa mwisho haukuwepo. Mstari wenyewe ulisema: vipimo hivi ni vya usawa wa bahari, punguza sehemu moja ya kumi kwa kila mita elfu moja.

"Usawa wa bahari," Hortensia alisema kwa dharau. "Bahari gani? Yetu tulinyang'anywa vitani zamani. Mimi nimepima injini hapa miaka thelathini, na hata ile iliyotoka kwenye sanduku na nta yake haifiki mia mbili na hamsini. Hewa ya kubana iko wapi? Mtu wa bondeni akija hapa anahema mwenyewe akipanda ngazi, halafu anaishangaa injini!"

Casilda alipiga hesabu pembeni mwa daftari. Mita elfu nne na kidogo. Mia tatu na themanini ikapungua hadi mia mbili ishirini na nane. Kikomo cha mia tatu kikawa mia na themanini. Silinda tano zilikuwa juu ya kipimo cha injini mpya. Moja tu ndiyo iliyokuwa mbovu, na mtaalamu aliizika ndani ya zile tano.

Furaha ilimpanda kifuani, akaizuia. Revollo angesema: moja inatosha. Fundi aliyeharibu silinda moja ameua sawasawa na aliyeharibu sita.

"Haya, ya sita," alisema. "Pumzi yake inatokea wapi?"

Hortensia alimimina kijiko kimoja cha oili ndani ya tundu la nozeli ya sita, akaacha itambae. Kama ringi ndizo zinazovujisha, oili ingeziba mwanya kwa muda na geji ingepanda. Casilda akapiga stata.

Mia na hamsini na tano.

"Si ringi," Hortensia alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaacha utani. "Zingekuwa ringi ingeruka hadi mia mbili. Basi ni vali, au gasketi."

Wakaizungusha injini kwa mkono mpaka vali zote mbili za silinda ya sita zikafunga, wakaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu lile lile. Sasa ikawa kazi ya masikio. Upepo ukivuja kwenye vali ya kutolea moshi, utausikia kwenye ekzosi. Ukivuja kwenye vali ya kuingizia hewa, utausikia kwenye bomba la hewa. Ukipita kwenye gasketi, maji ya rejeta yatatoa mapovu. Ukipita kwenye ringi, utavuma kwenye mfuniko wa oili. Mashahidi wanne. Casilda aliwaendea mmoja mmoja, kama anavyowaendea watu, bila kuamini wa kwanza kabla ya kumsikia wa mwisho.

Ekzosi: kimya. Bomba la hewa: kimya. Rejeta: maji yametulia, unaweza kujitazamia uso. Mfuniko wa oili: mnong'ono mdogo. Wakahamishia upepo silinda ya tano, ile nzima, na mnong'ono ukawa ule ule.

Walitazamana.

"Haivuji popote," Casilda alisema.

"Haivuji popote, na pumzi haina." Hortensia alivua kofia yake, akajikuna, akaivaa tena. "Mwanangu, hii sasa ni uchawi."

"Si uchawi. Kama hakuna kinachotoka, basi tangu mwanzo hakikubanwa vya kutosha." Casilda akauliza taratibu: "Pistoni inafika juu?"

Hortensia alikwenda kwenye sanduku, akaleta waya mnene wa shaba ulionyooka. Wakaizungusha krenki, mhimili wa injini, kwa spana ndefu, silinda moja moja, kila pistoni ilipofika kileleni Hortensia akauzamisha waya kwenye tundu hadi ukagota, na Casilda akauwekea alama kwa kisu. Tano zote alama zilikuja mahali pamoja. Ya sita waya ulizama zaidi. Milimita nne.

"Maria Mtakatifu," Hortensia alisema. "Konrodi imepinda."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Casilda alikaa kwenye ngazi ya kabini, akaandika yote kwa utaratibu, na Hortensia akatia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko wa kujikokota. Ringi mpya zilikuwepo, gasketi nzima, vali nzima. Konrodi ya sita, mkono wa chuma unaoipandisha pistoni, ilikuwa imepinda, kwa hiyo pistoni yake ilikuwa inasimama chini ya pale inapotakiwa, hewa ikawa haibanwi, dizeli ikawa haiwaki vizuri. Lori likabeba mzigo kwa silinda tano.

"Revollo atauliza," alisema, "kama Silverio hakuifunga ikiwa imepinda tayari."

"Silverio? Anapima konrodi kama mtu anayepima maiti apewe jeneza. Namchukia, lakini hilo siwezi kumsingizia."

"Kiapo chako hakitoshi, mama. Niambie konrodi inapindwa na nini."

"Kitu kimoja tu kwa injini ambayo haikukimbizwa hovyo. Maji. Hewa unaweza kuibana, maji huwezi. Yakiingia nusu kikombe juu ya pistoni na wewe ukapiga stata, pistoni inapanda, inakuta ukuta. Kitakachokubali ni konrodi."

"Maji ya wapi? Gasketi ni nzima."

"Basi yaliingia kwa mdomo. Kwa njia ya hewa."

Njia ya hewa! Casilda alikuwa amemwita dereva wa lori aje saa nne kasoro robo, na dereva akaja saa nne kasoro robo, jambo ambalo madereva hawalifanyi. Aliitwa Grover Calle, miaka thelathini hivi, mkono mmoja umefungwa bendeji. Alipoliona lori boneti wazi alibaki mbali nalo hatua kumi.

"Keti."

"Nitasimama, afande."

"Siku ile mlivuka mto?"

"Mara mbili. Daraja lilichukuliwa na mvua, tukapita majini."

"Maji yalifika wapi?"

"Kwenye ekseli. Labda kidogo juu." Akaona anakoelekea, akaruka. "Lori halikunywa maji, afande! Naapa kwa mama yangu. Mimi si mwehu wa kuvuka mto na pua chini ya maji!"

Kama alidanganya, kesi ingemwangukia yeye. Casilda hakubishana naye. Alifungua kopo la chujio la hewa, akalichomoa chujio, akalikung'uta kwenye karatasi nyeupe. Vumbi kavu jekundu, basi. Hakuna tope, hakuna mstari wa maji, karatasi ya chujio haijakunjamana popote. Mto haukupita hapo.

"Umesema kweli," alimwambia, na Grover akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. "Sasa sema kweli tena. Lori lilianza lini kutetemeka?"

"Nani kasema lilitetemeka?"

"Grover."

Dereva alitazama bendeji yake. "Jumatano ya Majivu. Asubuhi nilipoliwasha lilipiga kishindo kimoja, pah, kama mtu amegonga kwa nyundo. Nikazima. Nikawasha tena, likakubali, lakini lilikuwa linatingishika na moshi mweupe. Nikamwambia Don Fermín. Akasema injini mpya bado inajizoeza, twende hivyo hivyo. Tukaenda nalo safari mbili. Ya tatu ndiyo…"

"Jumamosi Silverio alilitoa gereji. Jumatatu?"

"Lilikwenda vizuri. Nilipanda nalo na saruji, gia ya tatu, sikuamini."

"Jumanne?"

Grover alipiga hatua moja nyuma.

Jumanne ya Karnivali. Hakuna mtu El Alto asiyejua mwenye gari hufanya nini siku ile. Analifunga maua na utepe, anatupa juu yake vipande vya karatasi za rangi, anamwagia bia matairi, bampa, boneti, anamwagia na Pachamama, mama dunia, chini sehemu yake, na asiyefanya hivyo anajitakia balaa kwa mdomo wake mwenyewe. Casilda mwenyewe aliimwagia pikipiki yake.

Alirudi kwenye injini. Mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye chujio hadi ndani ulifungwa kwa klipu mbili. Klipu ya nyuma skrubu yake ilitazama juu, safi, kama fundi anavyoiacha ili aifikie. Ya mbele skrubu ilitazama chini, na kichwa chake kimechanwa chanwa na kitu ambacho hakikuwa bisibisi. Kisu, kwa mfano.

"Mama Hortensia. Fungua hapa. Halafu unifungulie na manifoldi yote."

Ilichukua dakika arobaini. Hortensia alilaani kila nati kwa Kiaymara, na nyingine kwa Kihispania, ili zote zisikie. Bomba pana la kugawia hewa liliposhuka, walilipeleka juani, wakalilaza kwenye meza. Upande wa mbele lilikuwa safi. Upande wa nyuma, kwenye kona inayoilisha silinda ya sita, kulikuwa na utando wa kahawia unaonata. Casilda alichukua kibano, akabandua kitu kidogo, akakiweka kwenye sahani nyeupe. Kiduara cha karatasi ya waridi. Kisha cha kijani. Kisha cha njano. Vilikuwa kumi na saba jumla. Hortensia aliinama akanusa.

"Bia," alisema. "Imechacha, lakini ni bia."

"Silverio aliliosha hili bomba?"

"Kwa dizeli, kisha kwa petroli. Kila fundi huosha. Hata mimi huosha." Akaguna. "Uwanja wa nyumba ya Fermín unapanda. Lori anaegesha pua juu. Chupa nzima ikiingia mbele, inashuka yote nyuma, inakaa kwenye ya sita usiku kucha, inangoja stata. Ala! Mimi nimeona watu wakiimwagia bia rejeta, wakiimwagia betri ikalipuka. Lakini kuinywesha injini!"

Casilda alimgeukia Grover. "Ulikuwepo."

Grover alikuwa analia, bila sauti, machozi yanamshuka tu. "Nilikuwepo. Hawakuwa na nia mbaya, afande. Walifurahi mno. Lori lilikaa gereji miezi minne, siku ile ndio kama limefufuka. Don Fermín akafungua mpira kwa kisu, akaushika hivi, akasema na yeye anywe. Na Doña Justina akammiminia. Chupa nzima. Alikuwa anacheka. Akasema, kunywa baba, umetoka hospitali."

"Justina ndiye aliyemimina."

"Kwa mkono wake."

"Kwa nini hukusema siku tisa zote hizi, na mzee wa watu yuko ndani?"

"Sikujua kama ndiyo sababu! Mimi ni dereva, mimi najua usukani. Na ningemwambiaje Don Fermín? Kaburi la mkewe bado halijakauka, nimwambie nini?"

Saa tano na dakika kumi Don Fermín Poma aliingia uwanjani, koti jeusi, kofia mkononi. Alikuja akijua kuwa anakuja kutia sahihi malalamiko dhidi ya Silverio, na alianza kusema kabla hajafika.

"Luteni, nasikia unazungukazunguka. Mtaalamu ameshasema. Yule mzee ameniulia mke, unataka nini kingine? Nimeishi naye miaka thelathini na moja. Kila mlima alikuwa anashuka yeye kuweka jiwe, nikimwambia acha, anasema wewe magoti yako mabovu. Nataka Silverio aozee ndani. Nimeshasema mbele ya watoto wake na nasema tena!"

Casilda alimwacha amalize. Kisha akamwekea sahani mbele.

"Hizi tumezitoa ndani ya injini yako, Don Fermín. Kwenye njia ya hewa ya silinda ya sita."

Fermín alizitazama zile karatasi za rangi. Casilda akaeleza, kwa maneno machache na yaliyo wazi: bia ilishuka nyuma, ikakaa juu ya pistoni, asubuhi stata ikapigwa, konrodi ikapinda, na tangu hapo lori likawa na silinda tano. Lilipofika kwenye mlima mkali na machungwa tani nane, likazima, na breki zake za zamani hazikulishika. Kabla hajafika nusu ya maelezo, mtu yule alikuwa ameshaelewa. Akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hortensia alimsogezea kiti. Hakukiona.

"Nani alifungua mpira wa hewa?" Casilda aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka na yeye anywe. Sote tulikuwa tunakunywa." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Silverio hakufanya kitu?"

"Silverio alikufanyia kazi nzuri. Silinda tano zimepita kipimo cha injini mpya."

"Na mimi nimemwita muuaji."

"Don Fermín, nisikilize vizuri sasa." Casilda alivuta karatasi, akachukua kalamu. "Naandika maelezo yako. Kufungua mpira ni jambo moja. Kumimina ndiko kulikoharibu injini, na aliyemimina ndiye atakayeulizwa na sheria. Kama ni mtu ambaye sheria haiwezi tena kumfikia, useme, na faili hili linafungwa leo. Kama ni wewe, jina la Silverio linatoka na lako linaingia. Unaelewa ninachokuambia?"

Fermín alielewa. Alimtazama Grover, na Grover akatazama chini. Upepo uliyagonga mabati ya paa.

"Chupa ilikuwa mkononi mwa nani?" Casilda aliuliza.

"Mwangu."

"Don Fermín, jamani…" Grover alianza.

"Nyamaza wewe!" Fermín hakugeuka. "Ilikuwa mkononi mwangu. Nilifungua mimi, nikamimina mimi. Mke wangu alikuwa ndani, anapika. Watu walimzika wakamlilia, mtaa mzima, na wataendelea kumlilia. Sitaki mtu yeyote apite kaburini kwake akatikise kichwa. Andika, Luteni."

"Nikiandika, kesi inakuja kwako."

"Ije."

Casilda alimgeukia dereva. "Grover Calle. Uliona nini Jumanne?"

Grover alifuta uso kwa bendeji. "Niliona mgongo wa Don Fermín tu, afande. Mwingine sikumwona."

Ulikuwa uongo, na Casilda aliusikia waziwazi. Tangu asubuhi hakuwa ameuachia uongo hata mmoja, wa kitabu wala wa mtu. Huu aliuandika neno kwa neno, akawasukumia kalamu, wakatia sahihi mmoja baada ya mwingine.

Saa sita kasoro dakika kumi alimpigia Revollo. Alimsomea vipimo, mstari uliokatwa kwenye nakala, waya wa shaba, bia na karatasi, sahihi tatu. Revollo aliuliza maswali mawili, akajibiwa mawili. Mwishowe akasema mzee atatolewa mara moja, aje mtu wa kumchukua.

Fermín bado alikuwa amesimama pale pale.

"Nipeleke kwa Silverio," alisema. "Nataka awe ananiona usoni nikimwambia. Unadhani atakubali kuniona?"

"Sijui," Casilda alisema, akachukua funguo za gari. "Twende."